Mzee wa Majoka na Bibi wa Ukungu

4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu u mzima, na cherehani nayo haijakununia. Sisi hatujambo. Goti la baba limetulia. Siku hizi anapanda ngazi bila kututangazia. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, akisema neno anapuliza kama mtu mwenye chai ya moto. Anakuamkia.

Sasa nikupe shida yangu. Hapa maktabani imebaki rafu moja tu tupu, na wasomaji wamegawanyika pande mbili. Nusu wanataka tuijaze vitabu vya Mzee wa Majoka, nusu wanamtaka Bibi wa Ukungu. Majina hayo wamewabandika wenyewe, maana yule kila jalada lake lina joka, na huyu hajawahi kuanza sura bila ukungu kutanda. Juzi mwalimu mstaafu na muuguzi mmoja walibishana mezani kwangu mpaka kila mmoja akakataa kuketi karibu na mwenzake. Mkuu wangu akaniambia, "Wewe ndiye unayejifanya bingwa wa hadithi za mazimwi. Niandikie ni nani kati yao anayejua kuandika, na kwa nini, kabla ya mwisho wa Septemba."

Sijifanyi, ni wewe uliyeniambukiza. Basi nakutumia vitabu vya mwanzo vya wote wawili. Soma, unipe hukumu. Mimi niko upande wa Mzee wa Majoka, lakini sitaki kukushawishi.

Mwanao,
Mkutubi

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi ni mzima. Jirani yangu fundi saa amehamishia meza yake barazani kwangu, maana chumba chake kinavuja. Mtu mwenyewe maneno hana. Anaweza kukaa toka asubuhi hadi adhuhuri na neno lake likawa moja, "Ehee." Nimemkubalia kwa kuwa hanisumbui.

Vitabu vimefika. Hukutaka kunishawishi, umejaribu kunishawishi, na umeshindwa.

Huyo mzee wako hajui kushona. Nguo haihukumiwi kwa kuitazama nje, unaigeuza uone ndani. Nje yake inapendeza: mapanga, moto, wafalme. Igeuze sasa, nyuzi zinaning'inia. Katika sura ya kwanza peke yake macho ya watu yameng'aa kama nyota mara kumi na moja, nimehesabu, na mara moja yameng'aa ya farasi. Shujaa ana kovu shavu la kulia ukurasa wa tisa. Ukurasa wa arobaini kovu limehamia kushoto, na hakuna uchawi uliohusika. Kila akikosa la kusema, anamwangusha mtu kutoka mnarani.

Bibi wa Ukungu ni fundi. Kuna mahali mlinzi anaambiwa afungue lango, na mwandishi hasemi kwamba mlinzi anaogopa. Anasema tu kwamba alijaribu ufunguo wake mwenyewe mara tatu. Basi. Nikaweka kitabu chini nikaenda kunywa maji.

Na usiniambie tena habari za kupigiana simu badala ya barua. Kwenye simu unasema "nakusikia, nakusikia" huku unakaanga.

Samahani kwa mwandiko, kalamu hii haina adabu.

Shangazi yako

10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima. Hukumu yako nimeisoma kwa sauti mezani, baba akacheka mpaka akasahau kulalamikia goti.

Lakini sikubali. Bibi wa Ukungu anaandika kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Mlango mmoja, kurasa tatu. Mzee wa Majoka ana nyuzi zinazoning'inia, sawa, ila ukizishika zinakuvuta. Yule muuguzi amesoma kitabu cha tatu akiwa kwenye foleni ya benki, zamu yake ikapita, akaenda kuanza foleni upya na wala hakujali. Bibi wako amewahi kumfanyia nani hivyo? Haya, nakutumia kitabu chake cha pili; vya Mzee wa Majoka vitafuata.

Kuna jambo jingine, usikasirike. Shati ulilomshonea baba limefika. Mkono wa kushoto umeutangulia wa kulia kwa upana wa vidole vitatu. Baba analivaa hivyohivyo na amepiga marufuku mtu kulitaja. Na katika barua yako kuna mistari imepanda juu ya mingine. Nimeisoma nikiwa nimeielekeza dirishani. Ni kalamu kweli?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Mwambie kaka yangu mabega yake ndiyo yaliyopinda, tangu utotoni, hata marehemu mama alikuwa akisema.

Kitabu cha pili cha Bibi wa Ukungu nimekiacha njiani. Wamekichapa kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, tena kwa wino wa kijivu. Ni kumdharau msomaji.

Wateja wamepungua kidogo kwa sababu ya mvua. Sina mengi. Fundi saa anakusalimu, yaani nilipokutaja alisema "Ehee."

Shangazi yako

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Wote wazima.

Nimepima kwa rula. Herufi za kitabu cha kwanza na za kitabu cha pili zinalingana, na wino ni mweusi.

Nenda hospitali ukaonwe macho. Nakutumia kitabu cha pili na cha tatu cha Mzee wa Majoka kama nilivyoahidi, ila sitakuandikia neno jingine kuhusu mazimwi mpaka uniambie kwamba umekwenda.

Mwanao

20 Mei

Mwanangu mkutubi,

Marahaba. Usishtuke kuona mwandiko mzuri. Mkono wangu wa kulia umeingia ganzi, kwa hiyo natamka na fundi saa anaandika. (Ni mimi, fundi saa. Habari za huko, binti. Mkono wake hauna ganzi. Nimeagizwa niandike hivyo.)

Nasalimu amri kuhusu Mzee wa Majoka. Kwa kuwa siwezi kushika kitabu, fundi ananisomea jioni tukishafunga kazi. Kumbe mtu huyu ana sauti. Na kumbe mwandishi nilimwonea. Kuanzia kitabu cha pili amebadilika kabisa, hakuna jicho hata moja lililong'aa. Kuna joka zee limebakiwa na jino moja, linakaa juu ya mlima. Halili mtu tena. Linawahesabu tu watu wanapotoka asubuhi, halafu linawahesabu tena jioni, lijue kama wote wamerudi nyumbani. Na moyo wake, anasema, "uligonga polepole, kama saa iliyotiwa ufunguo na mtu ambaye amekwisha safiri." Nililia, mwanangu, nami sipendi kulia mbele za watu. Niambie hapo ni ukurasa wa ngapi, nataka utie alama kwenye nakala yenu. (Binti, tafadhali usijisumbue na ukurasa.)

Hospitali nitakwenda kazi ikipungua. (Kazi imekwisha pungua.)

Mwambie baba yako nitamshonea shati jingine.

Shangazi yako

6 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na fundi saa naye shikamoo. Hatujambo. Mjukuu wako ameanza kuota meno mapya, moja limetoka likitazama pembeni. Nimefurahi kwamba umehamia upande wangu. Ile nakala yetu imeazimwa, ikirudi nitatafuta huo ukurasa.

(Fundi, kuanzia hapa usisome kwa sauti. Nakala haijaazimwa, ninayo mkononi, na nimeisoma mara mbili. Joka limo moja, lina meno mia na ishirini, na macho yake yanang'aa kabla hata halijatua. Kitabu kinaishia kwa mtu kuanguka kutoka mnarani. Mzee wa Majoka hajawahi kutaja saa hata siku moja. Sitakusema. Ule mstari wako mmoja nimeurudia mara nyingi kuliko nilivyowahi kurudia kitabu chake chochote. Ila niambie ukweli: anaona kiasi gani?)

Basi endelea kusikiliza, shangazi, na unihadithie.

Mwanao

1 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Katikati ya barua yako fundi alinyamaza kitambo, akasema hapo ulimwagia chai, hapasomeki. Jifunze kunywa chai mbali na karatasi.

Habari ni kwamba fundi aliniomba nimsindikize hospitali akapimwe yeye, na tulipofika nikajikuta mimi ndiye niliyekalishwa kwenye kiti. Daktari mmoja kijana akanimulika, akasema nina mtoto wa jicho. Nikamjibu kwamba katika miaka yangu sitini na sita sikujaliwa mtoto, leo yeye ananipa, tena pacha, mmoja kila jicho. Hakucheka. Daktari asiyecheka simpi jicho langu alishike kwa kisu. Nimekataa, na habari hiyo imekwisha.

(Haijaisha. Anaona mwanga na vivuli. Uzi kwenye sindano namtilia mimi. Juzi aliliamkia sanamu la kupimia nguo, akakasirika halikumwitikia. Daktari anasema upasuaji wenyewe ni muda mfupi, na ataona. Nimemweleza mara nyingi. Kwa mambo ya aina hii sina maneno.)

Tumeingia kitabu cha tatu. Lile joka sasa limeanza kuwapa majina wale watu, kila mmoja kwa jinsi anavyotembea. Bibi wa Ukungu hangeweza.

Shangazi yako

14 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Baba ameisikia habari ya daktari na hajala chakula cha mchana. Amesema nikuandikie kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kusoma, kwa kumfinya, na kwamba anasikitika hawezi kukufinya kwa barua. Nami nakuomba. Sitaki usomewe barua zangu. Nataka unisome.

(Fundi, anakusikia wewe kuliko sisi sote. Najua ninachokuomba. Akipona atakishika kitabu mwenyewe, na ataona kisichokuwemo. Hata hivyo nakuomba.)

Mwanao

30 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Huyu mtu hana huruma.

Tumefika mahali jioni imeingia, joka limehesabu, na mmoja hayupo. Limehesabu tena. Limesimama, limekunjua mabawa ambayo halijayakunjua miaka mingi, na hapohapo fundi akafunga kitabu.

"Endelea," nikamwambia.

"Yaliyobaki utasoma mwenyewe."

"Kwa macho gani?"

"Ya hospitali."

Nimemsihi siku nne. Nimemnyima chai. Anasema "Ehee" na kuendelea na saa zake. Mwambie baba yako aje Jumatatu anipeleke, maana mtu huyu sitaki anishike hata mkono. Na haya maneno namlazimisha ayaandike yeye mwenyewe, ajione.

(Nimeyaandika. Jumatatu nitawafuata kwa nyuma. Kitabu nimekiacha juu ya cherehani yake, nimekunja pembe ya ukurasa. Najua atakachokikuta humo.)

Shangazi yako

2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, ingawa bado hujaniamkia. Mwandiko huu ni wangu, utazame ulivyonyooka. Jicho la kulia wamekwisha lifanya, la kushoto watalifanya baada ya miezi miwili. Baba yako amekuhadithia mengine, na najua ametia chumvi; sikumng'ata muuguzi.

Kitu cha kwanza nilichokiona vizuri ni vumbi. Cha pili ni mashati niliyowashonea watu tangu Januari. Nimewaita wenye mashati mmoja mmoja, wamekuja, na wote wanasema hawakugundua kitu, hata yule ambaye mfuko wa kifuani nimemwekea karibu na kwapa.

Cha tatu ni kitabu. Nilikifungua pale alipokunja pembe. Joka langu halikuwepo. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, nikakisoma chote kwa siku mbili, kisha nikarudia na kile cha pili. Macho yameng'aa mara arobaini na nne. Nikamwita fundi.

"Nionyeshe joka langu," nikamwambia.

Akatoa ile lenzi yake jichoni, akaiweka mezani. "Halimo."

"Limo wapi?"

"Halimo popote."

"Umenidanganya tangu lini?"

"Tangu ukurasa wa saba wa kitabu cha pili. Macho ya malkia yaling'aa, nikaona haya kukusomea. Nikasema kitu kingine. Ukaacha kukunja kitambaa, ukasikiliza. Kesho yake sikuweza tena kurudi kitabuni."

Hayo ni maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia mchana. Nikamwambia aondoe meza yake barazani kwangu. Akaiondoa kwa safari tatu.

Usidhani nimekasirika kwa sababu ya joka. Miezi mitatu nimemsifia mwandishi wa mbali mbele ya mtu aliyekaa hatua mbili kutoka kwangu, naye ananiandikia sifa hizo kwa mkono wake kama karani. Hata kulia nimelia mbele yake. Nikikumbuka, uso unawaka.

Kisha nikatoa barua zako zote nikazisoma upya, pamoja na yaliyomo ndani ya mabano. Chai haikumwagika. Kwa sasa sina la kukuambia.

Shangazi yako

10 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Na ya tatu.

Nilijua tangu Juni. Nilikaa kimya kwa sababu niliogopa kwamba nikisema, utaacha kumsikiliza mtu pekee aliyeweza kukufikisha hospitali. Samahani kwa chai, samahani kwa mabano. Ukitaka kuninunia ninunie, ila ninunie kwa barua.

Hapa mambo yameniharibikia. Ripoti ya mkuu nimeianza mara nne. Kila nikimsifu Mzee wa Majoka, nagundua kwamba ninachokisifu si chake. Nimekisoma tena kitabu chake cha kwanza, na yale macho sasa yananisumbua kama mbu, nadhani umeniharibu. Lakini Bibi wako nikimsoma bado naona baridi. Sijui niko upande gani, na siku zimebaki ishirini.

Kile chumba cha fundi, bado kinavuja?

Mwanao

24 Septemba

Mwanangu,

Marahaba mara tatu. Mwambie baba yako shati lake jipya liko njiani. Nimeipima mikono miwili pamoja, bega kwa bega.

Nilimaliza kununa Jumanne, kama saa nne asubuhi, mvua ilipoanza. Nilikwenda nikamkuta fundi chumbani kwake amezifunika saa za watu kwa turubai, mwenyewe amekaa panapovuja. Nikashika upande mmoja wa meza, nikamwonyesha ashike wa pili. Tukaibeba hadi barazani. Pale nikamwambia, "Siku nyingine ukiwa na jambo zuri la kusema, liseme kwa jina lako." Akasema, "Ehee." Nikamwambia hiyo haitoshi. Akasema, "Nitasema."

Hukumu yako hii hapa. Rafu mpe Bibi wa Ukungu. Si ukaidi. Nilimpa fundi kile kitabu chake cha pili, nikasema, "Haya, nisomee huyu, tuone utatia nini." Alisoma kurasa kumi, nami nimechungulia begani kwake na jicho langu jipya nikimfuata neno kwa neno. Hakuruka, hakuongeza. Nikamuuliza imekuwaje. Akajibu, "Hapa hapana pa kupitisha mkono." Sijasikia mwandishi akisifiwa zaidi ya hapo, na hilo uliandike kwa mkuu wako kama lilivyo.

Lakini mwandikie na hili. Mzee wa Majoka anashona vibaya, ila anakata nguo pana. Ndani yake kunabaki nafasi. Muuguzi wako anajitia humo kwenye foleni ya benki, na mtu aliyekuwa haongei aliingia humo akatoka na joka zee la jino moja. Kwa hiyo usimtupe. Mtafutie hata kona chini ya ngazi, watu watainama.

Fundi nimemkalisha na daftari, aandike joka lake tangu mwanzo. Anaandika polepole, kana kwamba kila herufi ataulizwa ilipotoka. Mimi nakata. Ameweka saa kila mahali, mpaka samaki ana saa, hiyo nimeifuta. Anabisha siku hizi. Juzi tulibishania neno moja mpaka mteja akaondoka na suruali yake haijapimwa.

Jana jioni akafika pale mmoja hakurudi nyumbani na joka limekunjua mabawa. Akaweka kalamu chini.

"Hapa ndipo nilipokufungia kitabu," akasema. "Si kwa ajili ya hospitali tu. Mwenyewe sikuwa najua linakwenda wapi."

"Linashuka bondeni kumtafuta."

"Watu watalikimbia."

"Watakimbia. Mmoja atabaki."

Akafikiri, akaandika hayo. Kisha akaniuliza huyo atakayebaki ni mtu wa namna gani, maana yeye hajawahi kumwandika mtu kwa karibu. Nikamwambia asogeze kiti, hapo nitamtamkia mimi.

Shangazi yako